Disketi ya Mgeni

Kuna Jumamosi moja ya Fairfax, hapa hapa Marekani, ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na umenikumbusha kwa hiyo kompyuta kuukuu uliyoinunua mtandaoni. Wewe unaipenda kwa ukale wake. Mimi nusura inilaze nje.

Nilikuwa nimetoka Bukavu kuja kusoma, nalala kwenye kochi la Kamau, kijana wa Nyeri aliyenitangulia kufika. Kompyuta yake ilikuwa kama hiyo yako, haina hifadhi ya ndani, kila kitu kwenye disketi. Jumamosi tukimaliza maombi sebuleni kwake, ndugu walitoa disketi zao wakanakili michezo na nyimbo. Kamau hakuwa na subira ya kuizima mashine. Disketi ikibadilishwa, alibonyeza vitufe ijiwashe upya, basi.

Siku hiyo nilileta yangu kwa mara ya kwanza, nyimbo za kwaya nilizotunga chuoni. Akaichomeka. Punde si punde kioo kikaandika maneno ya kejeli, kwamba mashine ina kirusi. Wee! Sebule nzima ikanigeukia.

"Bro, umetuletea ugonjwa," Kamau akasema. "Chukua vitu vyako uende."

Niende wapi? Nje theluji, na sikuwa na mwingine ninayemjua. Niliogopa, sikufichi, na niliona aibu.

Mama Achieng', muuguzi wa Landover aliyeongoza maombi yetu, hakupandisha sauti. "Kamau, za kwako umezikagua?"

"Lakini Mama, zangu ni za hapa hapa nyumbani."

"Sijauliza ni za wapi."

Ndugu mmoja alikuwa na disketi ya kukagulia virusi. Mashine ikazimwa kabisa, ikawashwa kwa hiyo. Yangu ilikuwa safi. Nilikuwa nimesogeza kile kiplastiki cha pembeni kinachozuia disketi isiandikwe, kwa hiyo kirusi hakikuweza kuingia. Kirusi kilikuwa kwenye disketi ya Kamau ya kuwashia, pale mwanzoni mashine inapoanza kusoma. Akiwasha, kinaingia kwenye kumbukumbu, na kwa kuwa hazimi, kinajiandika kwenye kila disketi inayofuata. Ndugu walikuwa wakikibeba hadi makwao, tena wakishukuru.

Kamau aliniomba msamaha mbele ya wote, akanipikia chai. Tulibaki marafiki. Lakini kuanzia hapo, kitu chochote kikiharibika mle ndani, bomba likivuja, taa ikiungua, nilianza kujitetea kabla sijaulizwa. Iliniuma, na bado huwa nafanya hivyo, hata hapa Manassas, hata kwa mama yako.

Basi mwanangu, mambo yakiharibika, kagua ya kwako kwanza, na aliyefika jana mwache akae. Msamaha utaombwa na utapokelewa, ila yule uliyemwambia aende atakuwa na hofu hiyo miaka yote. Mungu akupe amani katika kila nyumba utakayoingia, na watakaoingia kwako waketi bila wasiwasi.