Mafuta Yaliyoelea Juu ya Maji

Wasomaji wapendwa, mnivumilie kwa mwandiko. Nilimaliza darasa la sita tu, na mikono yangu imeshika pampu ya grisi miaka mingi kuliko kalamu. Kurasa hizi zimenichukua karibu juma zima. Mkikuta kosa la herufi, rukeni, mtafute maana.

Niliingia garaji la kampuni moja ya migodi ya shaba hapa Likasi nikiwa kijana mwenye haya nyingi. Siku ya kwanza mkuu wa sehemu ya mafuta, tuliyemwita Chef wa Grisi, aliniuliza jina mara tatu. Mimi niliangalia viatu vyangu. Hakukasirika.

"Bien," alisema. "Hausemake. Hapa tunatumika kazi na vidole."

Alinichovesha kidole katika kila pipa. Mafuta ya moteri, yaani injini, yanateleza upesi. Ya bwate, yaani sanduku la gia, ni mazito kidogo. Ya pont, lile tumbo la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, ni mazito zaidi na yananuka kiberiti. Ukiyatia haya ya pont katika bwate ya gari la zamani aina ya jipu, dawa iliyomo inakula pete za shaba zilizo ndani, na gia zinaanza kulia. Sisi watu wa shaba tungepaswa kulielewa jambo hilo kuliko watu wote, lakini nimelieleza mpaka nikachoka.

Kila pipa lilikuwa na mstari wa rangi: manjano kwa moteri, kijani kwa bwate, nyekundu kwa pont. Mafuta ya freni, yaani breki, yalikaa peke yake, kopo dogo ndani ya kabati lenye ufunguo. Hatukusoma namba. Tuliamini rangi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Katika miaka ya tisini kazi zilipoanguka na watu wakapora, mapipa yalitoka garaji yakaenda soko la Kikula. Wauzaji walijua kwamba watu wa garaji wanaamini rangi, basi wakanunua rangi wakachora mistari. Nimekuta pipa la kijani lina mawese. Nimekuta la manjano lina mafuta machafu yaliyochujwa kwa kitambaa cha pazia. Fundi mzima, mwenye miaka ishirini ya kazi, anaangalia mstari, anaitikia kwa kichwa, analipa.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwenye garaji dogo lililotunza jipu ya kituo cha afya. Mkubwa wetu alikuwa Gérant, mtu wa kalamu na koti, asiyepata kulala chini ya gari hata siku moja. Neno lake lilikuwa moja: mafuta ni mafuta tu.

Asubuhi moja ujumbe ulifika kutoka kijiji cha nyuma ya vilima. Mama mmoja alikuwa na siku mbili za uchungu na mtoto hatoki. Jipu ilipaswa kwenda kumchukua. Nilikuwa nimetoka kutengeneza gurudumu lililovuja mafuta ya freni, na freni zilibaki kavu. Gérant akaleta chupa kutoka Kikula, karatasi yake safi, kifuniko kimezibwa kwa mshumaa. Mafuta ya freni yenye mshumaa!

Nilidondosha tone katika kikombe cha maji. Mafuta ya kweli ya freni yanachanganyika na maji na kupotea. Tone hili lilikaa juu, likatanda. Yalikuwa mafuta ya mashine. Mafuta hayo yanavimbisha mipira iliyo ndani ya freni. Mwanzoni gari linasimama vizuri, kisha freni zinakamata zenyewe, zinawaka moto, na mwishoni pedali inazama mpaka chini. Njia ile ilikuwa na mteremko mrefu, na wakati wa kurudi mama yule angekuwa amelala nyuma.

Dereva, Papa Kasongo, alikuwa tayari anakunja mikono ya shati.

"Gérant," nilisema, "aya mafuta inaelea. Ya freni ya kweli inapoteaka mu mayi."

Gérant aliniuliza nilisomea kemia wapi. Watu walicheka. Akaniambia nimimine, mgonjwa anangoja. Nilishika chupa, sikumimina.

Papa Kasongo alikichungulia kikombe, akafungua mlango wa mbele wa jipu.

"Gérant, miye sina na neno. Weye mwenyewe njo unasema ni mazuri. Ingia, ikala hapa, tushuke mulima pamoja."

"Leo niko na réunion, mukutano."

"Ile réunion asubui haikukuwako."

Sikungoja waishe. Nyuma ya garaji kulikuwa na lori lililokufa zamani, na kopo lake la freni halikuwa limekauka. Niliomba sindano kubwa kwa muuguzi wa kituo, nikavuta mafuta yale kidogo kidogo. Tone lake lilipotea majini. Yalikuwa ya zamani, meusi, si mazuri, lakini yalikuwa ya freni kweli. Nilijaza, nikatoa hewa katika mabomba ya freni, nikamwambia Papa Kasongo ashuke kwa gia ndogo, asiegemee pedali. Alirudi na mama yule saa tisa alasiri. Mama alipasuliwa jioni ile, akapona, na mtoto pia.

Mwisho wa mwezi nilifukuzwa. Katika barua ya kunifukuza Gérant aliandika: mtumishi huyu ana maneno mengi.

Baadaye nilitia grisi malori ya mawe huko Kakontwe mpaka magoti yalipokataa. Sasa ninakaa nyumbani, na vijana wenye jipu za miaka thelathini wananijia na bwate iliyokwisha kuliwa. Wanasema walitia mafuta mazito kwa sababu gari ni zee. Uzee wa gari haubadili mafuta yake! Tia yale yaliyoandikwa na waliolitengeneza, na kama kitabu kimepotea, uliza.

Kwa hiyo niandikieni. Semeni gari gani, chupa gani, inanuka nini, tone lake lilifanya nini majini. Nitajibu, ingawa polepole. Lakini andikeni kabla ya kumimina. Barua za baada ya kumimina ninazo sanduku zima.