Niliwafungia Wakwe Geti kwa Ajili ya Mgeni wa Nairobi

Admin, weka hii kama ilivyo, ila jina langu lifiche. Na ninyi wasomaji, kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua, mtasoma mistari miwili halafu mkimbilie komenti kunitukana. Tukaneni! Hamtafikia matusi ninayojitukana mwenyewe nikiwa nakunja mashuka.

Mimi ni mjane, niko Kitale. Marehemu aliniachia nyumba nzuri ya mawe, nikaijaza viti na vitanda, sasa naikodisha kwa wageni wa siku moja, siku mbili. Mimi nimepanga chumba mtaa mwingine. Nyumba ndiyo inanilisha.

Sheria nimezibandika nyuma ya mlango. Wageni wanaingia saa nane mchana na wanatoka saa nne asubuhi, katikati nasafisha. Lakini sheria za mlango ni za mlango, mdomo wangu una zake. Mtu akiomba kuingia mapema, nasema njoo tu. Akiomba kuchelewa kutoka, nasema kaa tu. Kumwambia mtu hapana nilikuwa sijui, naona ni kama kumnyima maji ya kunywa. Nasema "sawa, tutapanga," halafu namwomba Mungu amcheleweshe njiani.

Na Mungu alikuwa akiwachelewesha kweli. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wa kazi, nisiwadanganye.

Sasa mjue kuhusu Nekesa. Huyu ni binti ya kaka yangu wa Saboti. Mama yake alifariki msichana akiwa bado hajaanza shule, na mimi ndiye nilimlea. Nilimsuka, nilimchapa, nilimpeleka kliniki usiku nikiwa nimembeba mgongoni. Mimi ndiye senge wake, shangazi upande wa baba, na kwetu senge si mtu wa kupita. Wageni wa upande wa kijana wakija kuzungumza mahari, senge anakaa karibu na msichana, na wazee humgeukia kumuuliza kama ameridhika. Kiti hicho nilikisubiri tangu huyo mtoto ang'oke meno ya utoto.

Akapata kijana wa Kabuchai, upande wa Bungoma. Mtu mpole, mwalimu. Tarehe ikapangwa.

Mshenga wao, bwana mmoja anaitwa Wanyonyi, akanipigia siku chache kabla. "Senge, wazee wanaomba kitu. Barabara zetu ni matope saa hii. Si tungeingia kwa ile nyumba yako mapema, tuoge, tubadilishe nguo, ndio tupande Saboti tukiwa watu?"

Mnaoelewa mambo ya wakwe mnajua kwa nini aliomba. Huwezi kuingia boma la wakwe ukiwa na matope mpaka magotini, na huwezi kufika tu na kuanza kuuliza choo kiko wapi. Nikamjibu kwa sauti ya tajiri, "Njooni tu asubuhi na mapema! Nyumba ni yenu!"

Nilimwambia pia kaka. Nikamwambia Nekesa. Nikaambia wanawake wote wa kanisani kwamba wakwe watavalia kwangu. Nilijisifu mpaka nikachoka.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mgeni aliyekuwa ndani akanitumia ujumbe. Alikuwa kijana wa Nairobi, ndevu zimechongwa, kompyuta haimtoki mapajani. Tangu afike alikuwa ananisifu, ati keja yangu ni safi kushinda za Nairobi, ati atanipa nyota zote tano mtandaoni. Sasa aliomba akae mpaka saa nane kesho yake, ana mkutano.

Nikajibu, "Hakuna shida mwanangu."

Hakuna shida! Vidole hivi ndivyo viliandika hayo maneno!

Najua mnachouliza. Ulisahau wageni? Sikusahau. Nilipiga hesabu yangu. Mimi nimehudhuria mahari nyingi, na sijawahi kuona wageni wa mahari wakifika saa waliyosema. Wakisema asubuhi, wanafika chapati zimekauka na kina baba wamelala kwenye viti. Nikajiambia hawa wa Kabuchai watatokea saa saba, saa nane, kijana wa Nairobi atakuwa ameshaondoka, nami nitapitisha ufagio haraka. Niliegemeza heshima ya mtoto niliyemlea kwenye tabia ya watu kuchelewa. Mjinga mimi!

Hawakuchelewa. Baba ya kijana ni mzee ambaye, nilikuja kuambiwa baadaye, hapendi kusubiriwa na mtu. Aliwaamsha wote kukiwa giza. Gari moja likakwama kwenye matope, wakashuka wazee kwa vijana wakalisukuma. Mimi nilikuwa saluni, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, simu ikalia.

"Senge, tumefika. Tuko hapa kwa geti."

Nilitoka hivyo hivyo na kitambaa kichwani. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Nikawakuta wamesimama nje ya geti, matope yamewajaa mpaka kwenye paja. Wazee walikuwa wameshika suti zao kwenye nailoni, wameziinua juu zisiguse chini. Kina mama wawili walikuwa na busuti zao, zile gauni ndefu za sherehe, kwenye mifuko. Mmoja wao alikuwa amebana miguu, na mwanamke yeyote anajua ile maana yake.

Nikawapita kwa tabasamu. "Ngojeni kidogo, nafungua." Nikaingia peke yangu, nikafunga geti nyuma yangu. Nililifunga kwa sababu sikutaka waone kuna mtu ndani.

Nikabisha mlango. Yule kijana akafungua akiwa amevaa shati na tai juu, chini kaptura ya kulalia. "Mathe, niko kwa meeting bana."

"Mwanangu, nina wageni. Wazee. Wamefika mapema. Nisaidie hata choo na bafu, wewe kaa tu sebuleni."

"Si uliniambia niko poa mpaka saa nane? Niko na hiyo message. Ukileta watu hapa ndani nakupea nyota moja, na naandika kila kitu."

Akafunga mlango. Wangu! Mlango wangu mwenyewe!

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa, wasomaji. Ningetoka nje niseme, wazee wangu, nimekosa, nilimwahidi mtu mwingine, nisameheni, twendeni kwangu. Ningekuwa nimepata aibu ya asubuhi moja tu. Lakini kwangu ni chumba kimoja, choo tunatumia ploti nzima, na ndoo yangu ya kuogea ina ufa. Baada ya majigambo yote yale niwapeleke wakwe huko? Na zile nyota nilikuwa naziogopa. Ndiyo, niliogopa nyota za simu kuliko macho ya watu wazima waliosimama kwenye mvua.

Nikatoka. Na mtu mwenye makosa akikosa pa kujificha huwa anakuwa mkali. Nilikuwa mkali!

"Kwani nani aliwaambia mje saa hizi?"

Wanyonyi akashangaa. "Si ni wewe, senge? Ulisema asubuhi na mapema."

"Mimi? Mimi sijasema! Hii ni nyumba ya biashara, ina masaa yake, kuingia ni saa nane. Mnakuja alfajiri kama mnaenda kudai deni! Huko kwenu Kabuchai hamna saa?"

Nilisema hivyo. Mbele ya kina mama. Baba yangu mwenyewe alizaliwa huko huko Kabuchai, na nikasema hivyo.

Yule mama aliyebana miguu akasema polepole, "Dada, tunaomba tu choo."

"Kuna petroli stesheni pale chini," nikamwambia, "wana choo."

Sijui nilikuwa na pepo gani. Hapana, nisimsingizie pepo, ni mimi.

Kisha akaja mzee, baba ya kijana. Akasogea mpaka karibu na mimi, suti yake bado ameinua juu. "Mama, tumetoka mbali. Hebu niambie, wewe ndiye senge ya huyu msichana?"

Nikasema ndiyo.

Akatingisha kichwa. "Basi tumeshakaribishwa."

Akawageukia wenzake akawaambia wapande magari. Wanyonyi akaanza kumbembeleza, akamshika mkono, mzee akautoa mkono taratibu. Mimi nilisimama pale pale na funguo mkononi. Hata sikuita. Nilidhani wanaenda kutafuta hoteli, nami nikarudi saluni kumalizia kichwa! Mnasikia? Nilirudi kusukwa!

Walikuwa wanarudi Bungoma.

Nilipofika Saboti, kaka alikuwa amekaa na wazee chini ya hema, mbuzi wameiva, Nekesa yuko ndani na gauni lake. Kila mtu ananiuliza mimi, kwa sababu wageni walikuwa wanavalia kwangu. "Wako njiani," nikasema. Baadaye nikasema gari lao limeharibika. Baadaye tena nikasema mtandao unasumbua, siwapati. Nilikaa karibu na Nekesa, kwenye kile kiti, nikimdanganya huku nikimpapasa mkono. Alikuwa amejikuna wanja ukatoka upande mmoja, nikamrekebishia.

Simu ya Wanyonyi ilimpata kaka alasiri. Aliisikiliza akiwa amesimama katikati ya watu, ananiangalia mimi tu. Kisha akaja mpaka mlangoni. "Dada, umewafukuza?"

Nikaanza. Ati waliongea vibaya, ati walikuja bila mpango. Nekesa akaninyamazisha kwa mkono. Hajawahi kuninyamazisha maishani mwake. Akaniambia, "Senge, si ungewaambia tu hapana siku ile walipouliza? Wangevalia hata kwa kanisa. Wangevalia popote."

Akavua viatu, akaingia chumbani, na mbuzi wakaliwa na majirani.

Mnataka kucheka? Yule kijana wa Nairobi aliondoka saa tisa, si saa nane. Aliacha taulo langu jeupe limejaa rangi ya viatu. Na nyota alinipa nne! Aliandika nyumba ni nzuri lakini asubuhi kulikuwa na kelele za watu getini. Nne! Nilimuuza mtoto wangu kwa nyota tano na hata hizo tano sikupewa!

Kaka na wazee wake walienda Kabuchai kuomba msamaha. Walienda mara mbili. Mara ya kwanza walipewa chai hawakupewa jibu. Mara ya pili mzee akakubali mazungumzo yaendelee, lakini akaweka neno moja, kwamba yule mwanamke wa geti asikae mbele yao. Kaka akakubali. Hata hakunitetea, na ningekuwa yeye nisingenitetea.

Mazungumzo yakafanyika. Kwenye kiti changu akakaa binamu yetu anayeuza viatu Suam, mpakani, mwanamke ambaye alikuwa haji nyumbani mpaka kuwe na matanga. Alipoulizwa kama senge ameridhika na hawa watu, akajibu ameridhika. Niliambiwa kwa simu. Nilikuwa nasugua bafu.

Sasa harusi imekaribia. Wiki iliyopita Nekesa akanitumia ujumbe, mfupi, bila hata "shikamoo senge" yake ya kila siku. Aliandika nisije asubuhi kwa sababu upande wa wakwe watakuwepo ndani. Nije saa ya chakula, nikae kwenye hema na majirani.

Hiyo harusi nimeiota zaidi yake. Nilikuwa nimeshashona gauni. Nimeliangalia likiwa kwenye msumari mpaka macho yakauma.

Kwa hivyo ninyi wenye nyumba za wageni, na ninyi wengine wote wenye ule ugonjwa wangu wa kusema sawa sawa kwa kila mtu, nisikilizeni. Mtu akiuliza kama anaweza kuingia mapema na bado kuna mtu kitandani, mkatalie siku hiyo hiyo anapouliza. Akinuna, anune akiwa kwake, ana choo chake. Anayeomba kuchelewa kutoka, uliza kwanza nani anakuja nyuma yake. Usikae ukiomba watu wachelewe! Na ukishakosea, fungua geti useme umekosea. Ukali hauokoi kitu. Mimi nilikuwa mkali na angalia nilipo.

Jana nilishindwa kujizuia, nikampigia Nekesa. Nikamwomba, "Mwanangu, hata nikija mapema niingie tu jikoni, nioshe sufuria, nisionekane na mtu? Kabla wakwe hawajafika niwe nimeshatoka."

Hakunifokea. Hakusema tutaona, hakusema tutapanga. Mtoto niliyemlea kwa mikono hii aliniambia hapana, akanitakia siku njema, akakata simu.