Mikono Yangu Ilikuwa Jeddah

Ule mji wa viwanda wa kaskazini mwa Uingereza niliujua kuliko Al-Naseem, mtaa wa Riyadh ninakofanya kazi za ndani, maana huku mimi hutoka nje kupeleka taka tu. Mdogo wangu alikuwa akipakia biskuti kiwandani huko, na kila jioni alinitembeza mtaani kwake kwa simu: dohani ndefu zisizotoa moshi, nyumba za matofali zilizoshikana kuta, mvua isiyo na adabu, kiwanda cha nguo kilichogeuzwa duka la mazulia.

Kisha akashika mimba, na mwanamume akaingia mitini. Kwetu pwani, anayejifungua mara ya kwanza hukandwa kwa maji moto na kufungwa tumbo kwa leso, na asiye na mama hufanyiwa na dada yake. Nikamwomba madam ruhusa.

"Mafi safari, hakuna kusafiri," akasema. "Pasi yako iko kwa baba mwenye nyumba. Halas."

Badala yake nikapelekwa Jeddah kumlea binti yake, aliyekuwa amejifungua. Hasira zilinipanda, wala hazikunisaidia kitu.

Mchana mmoja simu ya mdogo wangu ikaita kwa video. Mjukuu wa madam alikuwa ndiyo kwanza amelala begani kwangu. Aliyetokea kwenye kioo ni jirani yake mdogo wangu, bibi mzee aliyefuma nguo katika kile kiwanda ujanani, ambako mashine zilinguruma hata wafumaji wakazoea kusemezana kwa midomo tu. Aliponiona na mtoto, akaacha kutoa sauti, akaniambia kwa midomo, polepole. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini nilielewa. Mdogo wangu mzima. Mtoto kazaliwa hana uhai.

"Amelala?" binti wa madam akauliza kutoka kitandani.

"Amelala, madam."

"Yalla, njoo unifunge tumbo."

Nilitaka kupiga ukelele wa kuamsha mtaa mzima. Nikamlaza mtoto, nikamfunga mama yake vizuri, akanisifu kwamba nina mikono mizuri.

Siku ya pili mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa analia. Alisema chinichini, kama mtu anayeona haya kusumbua.

"Dada, maziwa yameanza kutoka. Niyafanyeje?"