Pini za Fundi Aliyeokoka

Tangu aokoke, fundi cherehani hujaza pini mdomoni kila mteja anapoingia, maana ulimi wake bado unakimbilia "njoo kesho, vimebaki vifungo tu." Huzitema kiganjani moja moja huku akimwomba Yesu kimoyomoyo, ndipo aseme. Leo kaingia mama wa bibi harusi, na harusi ni keshokutwa. Vidole vya fundi vikapapasa kitambaa cheupe, kingali kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. Pini zikatoka taratibu kuliko siku zote.

"Mama, sijakikata hata kidogo. Nisamehe."

Mama akamtazama, akavuta benchi hadi mlangoni, akaketi, akavua viatu.

"Haya, kata nikuone. Na usinijaribu, baba. Umeokoka wewe, mimi bado."