Nyuma ya Stesheni

Stesheni yetu ya Numakura ilijengwa ikiwa na mlango mmoja tu, kaskazini, kwenye maduka. Huku kusini kulikuwa na mashamba ya vitunguu, ndiyo maana tukaitwa "nyuma". Bi Shizue, muuza maandazi ya maharage matamu, alizaliwa nyuma na akaolewa nyuma, na Kuwabara, kinyozi wa kaskazini, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Hujambo, mama vitunguu? Huko uani kwema?"

"Kwema, bwana wa mbele. Vichwa vya kunyoa vimebaki?"

Swali lilichoma. Tangu mlango wa kusini ufunguliwe, maghorofa yalikuwa yameota huku, na abiria wote wa asubuhi wanapita kwetu. Kaskazini wamebaki njiwa, nao hawanyolewi.

Mwishowe Kuwabara akahamishia saluni yake ubavuni mwa Bi Shizue. Akaja na tambi za kuwapa majirani, kama afanyavyo kila anayehamia.

"Karibu uani," akasema Bi Shizue.

"Uani wapi? Siku hizi hapa ndipo mbele!"

"Thubutu! Umenitania kwa jina hilo hadi nimeota mvi, leo unataka kulifuta? Hapa ni nyuma, baba. Na aliyefika mwisho ndiye wa nyuma kabisa."

Tambi akazipokea.