Zamu ya Jioni

Nilikuwa nasali. Nimelikana jambo hilo miaka mingi, mbele ya walimu wenzangu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya mchungaji mwenyewe, ambaye alicheka akadhani namtania. Nilisali kama watu wengine wanavyovuta sigara nyuma ya choo cha shule: haraka haraka, macho yakiangalia huku na huku, kisha nanawa uso na kurudi kwa watu nikiwa mkavu. Ungeniuliza wakati huo, ningekwambia kwamba mimi ni mtu wa Chuo Kikuu, na kwamba dini ni hatua katika historia ya binadamu. Ningelisema hilo kwa sauti ya mtu ambaye hatua hiyo aliivuka zamani na hakumbuki hata ilikuwa wapi.

Nilikuwa mwalimu wa Siasa katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza. Vijana wa leo hawalijui somo hilo. Tulifundisha ujamaa, na mimi niliufundisha kwa moyo, nikigonga meza. Halafu mambo yakageuka. Vyama vikawa vingi, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mashirika ya umma yakaanza kutafutiwa wanunuzi, na somo langu likabadilishwa jina likawa Uraia. Nikaambiwa niendelee kufundisha. Nifundishe nini, aliyeniambia hakujua. Basi nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikieleza uzuri wa soko huria, nimevaa gauni la mtumba lenye mabega mapana ya mwanamke fulani wa Ulaya, na nyumbani sufuria ikingoja mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu na kuipeleka kwa huyo huyo mwenye gauni.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kiliposimamisha mashine, alirudi nyumbani kwetu Mkolani na kuanza kutengeneza vitu visivyoharibika. Alifungua redio iliyokuwa ikiongea vizuri tu. Alifungua kitasa cha mlango. Aliichunguza pasi ya mkaa, ambayo haina cha kuchunguza. Nilimwona akiizunguka meza ya chakula, nikajua ipo siku nitaikuta miguu ya meza iko juu ya kabati. Jioni moja akasema anavuka kwenda ng'ambo ya ziwa, kwenye machimbo ya dhahabu. Nikamwambia, mbele ya watoto, kwamba sikuolewa na panya wa kuchimba mashimo. Asubuhi alifunga begi, na mlangoni akasema, "Mambo yakikaa sawa nitapiga simu kwa mchungaji."

Simu ya mchungaji ndiyo ilikuwa simu ya mtaa mzima. Ilikaa ofisini kwake, chumba kilichoungana na kanisa, na mama mchungaji alikuwa na sauti ya kuita watu hadi barabara kuu. Misiba na harusi zote za Mkolani zilipitia kooni mwake. Jina langu halikuitwa. Mvua za vuli zikaja zikaondoka. Walioniuliza niliwaambia baba watoto yuko Sengerema kikazi, na neno "kikazi" nililitamka vizuri, kama lina mhuri.

Halafu wakaja abiria wa kivuko na habari kwamba shimo limetitia huko ng'ambo na watu wamefukiwa. Shimo gani, la nani, watu gani, kila abiria alikuwa na lake. Mmoja alisema wote wametoka wazima. Mwingine alisema hawajafukuliwa bado. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo sikuwa na darasa la kunishika. Nilikwenda kituo cha mabasi kila asubuhi kuwahoji watu wanaotoka kivukoni. Nikirudi nilifagia uwanja, na nikimaliza niliufagia tena.

Jirani yangu alinikuta na ufagio. Alikuwa mama wa Kisukuma, mpana, mwenye vicheko vya ghafla, aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi kiwanda kile kile na kuachishwa kazi siku ile ile aliyoachishwa mume wangu. Sasa alikaanga maandazi na kuongoza umoja wa akina mama wa usharika.

"Mwalimu, shimo limetitia."

"Nimesikia, mama."

"Na baba watoto?"

"Yuko Sengerema mjini. Kikazi."

Alinitazama, akautazama ufagio, akautazama uwanja uliokuwa umebaki mwekundu bila hata jani. "Haya. Sisi Alhamisi tunaanza mnyororo wa maombi, tunamwombea huyo wa kikazi. Wewe utaingia mchana."

"Mama, mimi mambo hayo siyawezi."

"Hata kukaa huwezi? Mabenchi yapo. Wewe njoo ukae tu, mayu, mama yangu. Kazi ya kuongea na Mungu tuachie sisi tusiosoma, maana nyinyi mtaanza kumuuliza maswali."

Nikakubali kwa adabu. Ndivyo nilivyojiambia: adabu.

Mnyororo wenyewe ulikuwa hivi. Mtu mmoja anakaa kanisani akiomba, na hatoki mpaka mwingine ameingia kumpokea, ili maombi yasikatike tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Karibu wanawake wote wa umoja ule walikuwa wametoka kiwandani, na waliuendesha kama kiwanda. Kulikuwa na zamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Kulikuwa na sheria moja tu, na jirani aliniambia akinyoosha kidole: huachi mashine mpaka mwenzako ameishika. Hata ukiumwa tumbo. Hata nyumba ikiungua. Kwenye nyuzi, alisema, ukiiacha mashine peke yake, utakuta fundo ambalo hata shetani hafungui.

Asubuhi aliingia mama mmoja mwembamba, mkimya, aliyewahi kuwa katika idara ya kufuma. Mimi nilimpokea mchana. Jirani alinipokea jioni. Tulikwenda hivyo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na hata Jumapili baada ya ibada.

Sikuwa mwombaji mzuri. Nilizoea sala za wizi, za kusema nikiwa kwenye foleni ya maji au nasahihisha madaftari: msaidie, mlinde, basi. Kupewa mchana mzima wa kusali waziwazi kulinichanganya kama mwizi aliyekabidhiwa funguo za duka. Nilianza kwa kumpangia Mungu hoja. Nikamweleza hali ya uchumi. Nikamweleza kwa nini mafundi wenye vyeti hawapaswi kufa kwenye mashimo, nikatoa sababu ya kwanza na ya pili, na kabla ya ya tatu nilikuwa nimeinuka niko dirishani. Nje mawe makubwa ya kilimani yalikuwa yanawaka jua. Nilirudi kwenye benchi, nikainuka tena. Nilijaribu sala ya mama yangu, kwa Kihaya, ile aliyotusomesha Bukoba tukiwa tumepiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, nikakuta katikati pana pengo. Mama angenipiga kofi. Jirani alipokuwa akiingia jioni na kusema, "Haya, toka, nipe mashine," nilitoka mbio.

Jumatatu nilichelewa. Nilikuwa kituo cha mabasi, nimemkamata mchuuzi wa muhogo aliyetoka ng'ambo, naye akasema wamefukuliwa watatu, mmoja ni fundi. Fundi wa nini? Hakujua. Mrefu? Hakumwona. Nilikimbia kwenda kanisani nikamkuta yule mama mwembamba amepiga magoti mbele. Nikadhani ameniona nimechelewa akaendelea kunishikia zamu. Nilikaa nyuma yake. Hakugeuka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kusali naye, na kusema kweli nilifarijika, ingawa yeye alinong'ona mfululizo kama mashine ya kusokota na mimi nilirudia neno moja tu: fundi, fundi, fundi.

Saa ya jioni ilipofika aliinuka, akajikung'uta magoti, akaniambia, "Haya mwalimu. Mashine yako," akatoka.

Nikamsubiri jirani.

Jirani hakuja. Mwanzo nilimsikilizia tu, maana kicheko chake hutangulia. Kisha nikasimama mlangoni. Watoto wangu nilijua wako kwake, wanakula maandazi yaliyoungua. Barabarani watu walikuwa wanarudi, na kila gari lililotoka upande wa kivuko lilinivuta shingo. Mguu mmoja ulikuwa nje tayari. Huko kituoni pengine kulikuwa na mtu aliyemwona huyo fundi, mtu anayejua kama ni mrefu, na mimi nilikuwa hapa nalinda benchi. Nilitoka hadi kwenye mti wa mwarobaini. Nikarudi. Nilitoka tena. Sijui ni nini kilichonirudisha, sitaki kukipamba. Labda ni kile kidole cha jirani. Mimi niliyekuwa nimewafundisha vijana kutofuata mila bila kuhoji, nilikuwa nimeshikwa na sheria ya kiwanda kilichofungwa.

Nilikaa mbele, pale alipokuwa amepiga magoti yule mama. Hoja zilikuwa zimeniishia. Nikasema kwa sauti, na sauti yangu ilinishtua kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeagiza unga: "Mrudishe. Mikono mitupu, nguo zimechanika, amekasirika, mrudishe hivyo hivyo. Na kama ndiye huyo fundi, basi nishike, maana nitaanguka."

Paa la bati lilikuwa linapoa, likalia kidogo. Sikupata utulivu ule wanaousimulia kwenye ushuhuda wa Jumapili; moyo uliendelea kwenda mbio. Ila niliona kwamba naweza kukaa na moyo unaokwenda mbio. Nilisema tena maneno yale yale, nikasubiri, nikayasema tena. Nilipoinuka kwenda dirishani nilirudi bila kujilazimisha. Sikuwa nimewahi kubaki na hofu yangu mahali pamoja muda mrefu kiasi kile bila kuitafutia ufagio.

Giza lilikuwa linaanza kuingia pale jirani aliposukuma mlango.

"Mwalimu! Mbona hujafunga kanisa? Watoto wanakuulizia."

"Nifungeje, mama? Mimi nakusubiri wewe!"

"Unisubiri mimi nini? Mimi nimeshafanya kazi yangu asubuhi."

"Asubuhi? Wewe si wa jioni?"

"Leo Jumatatu," alisema.

"Jumatatu ndiyo nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza jua hutokea wapi. "Jumatatu zamu zinabadilika! Wa jioni anakwenda asubuhi, wa asubuhi anakwenda mchana, wa mchana anaingia jioni. Wewe leo ni wa jioni."

"Nani aliniambia?"

"Nani anaambiwa? Mume wako kaingia kiwandani miaka yote hiyo, mwanamke, kila Jumatatu anatoka nyumbani saa tofauti, wewe ulidhani anakwenda wapi?"

Nikakaa. Kumbe mtu niliyekuwa namsubiri aje anipokee ndiye mimi mwenyewe. Wanawake wote wa kiwanda walikuwa wamehama zamu kimyakimya, bila kikao wala tangazo, kwa sababu ilikuwa Jumatatu, na miili yao ilijua. Jirani aliniona ninavyowaza, akaanza kucheka kile kicheko chake. Akashika benchi. "Kwa hiyo umeingia zamu mbili! Mchana na jioni! Mungu atasema huyu msomi leo amepatwa na nini?" Na mimi nikacheka, machozi yakatoka, na yalipotoka hayakujali tena kama nacheka.

Ndipo sauti ya mama mchungaji ikatoka upande wa ofisini, ile ya kufika barabara kuu, ingawa nilikuwa upande wa pili tu wa ukuta.

"Mwalimu! Mwalimu wa Uraia! Simu!"

Sikumbuki mlango. Nakumbuka jirani nyuma yangu, amenishika kanga, na mama mchungaji akininyooshea mkono wa simu kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Haloo."

Mlio wa upepo. Kisha, "Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Wewe? Mbona umefika haraka? Nilijiandaa kusubiri."

Jirani alinipiga bega. "Uko mzima?" nikauliza.

"Mzima. Nimesikia huko mnasema shimo. Si langu. Mimi niliacha kuchimba zamani, wiki ya pili tu, mgongo ulikataa. Niko hapa Sengerema natengeneza mashine za kusaga."

"Na ukanyamaza."

"Niliona aibu." Akakohoa. "Sikupata hata chembe. Nilisema nitapiga mambo yakikaa sawa, na hayakukaa."

"Mimi nimekuuliza kama yamekaa?"

"Hujaniuliza."

"Sasa?"

"Sasa nauliza mimi. Nirudi?"

"Mwambie arudi, unafikiria nini!" jirani alifoka, na nadhani hilo lilivuka ziwa bila waya.

"Rudi," nikasema.

"Kesho. Kivuko cha kwanza."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeshikilia ule mkono sikioni, jirani akinivuta kanga na kuuliza amesema nini, wewe, amesema nini, mpaka nikapata pumzi ya kumjibu.

"Kesho."