Mti wa Kaburini na Mtumbwi wa Serikali

"Ruhusa ya Kukata Mti Mmoja kwa Ajili ya Chombo cha Majini cha Ukaguzi." Barua yenye kichwa hicho ilikuwa na mihuri mitatu, na mti wenyewe ulikuwa wetu.

Nilipokuwa mtoto, msichana wa miaka kama minane, tuliishi kwenye kisiwa kidogo katika ziwa mojawapo la Masisi. Historia yake ningekusimulia kabla uji haujapoa: baba wa bibi yangu alikimbilia pale wakati wa vita, na mke na mbegu za maharagwe, akafa, akazikwa, na juu ya kaburi ukapandwa muvumu, mti wa kivuli kizito ambao kwetu hulinda wafu. Maendeleo yake yalikuwa kibao kimoja chenye namba, alichokipigilia ajenti wa serikali. Kila mwaka mzungu huyo alikuja kutuhesabu, na kila mwaka mitumbwi yetu myembamba ilimlowesha suruali. Mwishowe akaona kasoro ni kisiwa. Tuhamishiwe sote barabarani, ambako watu huhesabika bila mkaguzi kulowa. Kwa kazi hiyo alitaka mtumbwi mpana, wa kubeba meza yake kwanza, kisha sisi. Akaunyooshea kidole muvumu.

Bibi, ambaye tulimwita Koko, alipiga magoti. Sikupata kumwona akimpigia mtu magoti tena. Alisema ajenti amwachie kaburi la baba yake, na kwamba atakayeukata mti ule, ziwa litamkataa. Karani wake, kijana mpole aliyelelewa misheni huko mjini, akatafsiri. Ajenti akauliza kama ziwa lina anwani, ili alijibu kwa maandishi.

Mti ulianguka siku hiyo hiyo. Kesho yake karani alimjia peke yake, kofia mkononi.

"Mama, mimi najua kalamu tu. Huu muti iko muzuri kwa mutumbwi?"

Koko alimwashiria avae kofia yake.

"Iko muzuri, mutoto wangu. Mupande tu."

Wajomba zangu walichonga wiki tatu bila kuinua macho. Miaka mingi baadaye mmoja wao aliniambia kile ambacho kila mchongaji wa kwetu alikijua: muvumu haufai kwa mtumbwi. Ubao wake ni laini, unakunywa maji, unakuwa mzito, kisha mtumbwi unapinduka. Koko alikuwa amewakataza kusema neno.

Asubuhi ya safari ya kwanza kisiwa kizima kilisimama ufukweni, kwa utaratibu kabisa, kama tulivyoagizwa. Ajenti aliketi kwenye kiti chake, rejista zetu zote magotini, karani mbele yake, wapiga makasia nyuma. Katikati ya ziwa mtumbwi ulianza kushuka polepole, kisha ukalala ubavu. Tulicheka, Mungu anisamehe. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, nikiamini babu wa kaburini amenyoosha mkono kutoka chini akachukua majina yetu. Hata leo nikiona karatasi yenye mihuri mitatu, utamu wa asubuhi ile hunirudia, na padri sijawahi kumwambia.

Wajomba waliwapokea wapiga makasia waliokuwa wakiogelea, wakamvuta na ajenti, akitapika maji. Koko alikuwa akihesabu vichwa.

"Na ule mutoto?" aliuliza.

Akanishika mikono yote miwili ili niache kupiga makofi.

Sasa nimemzidi umri Koko wa siku ile, na bado namchukia yule ajenti kwa moyo mkunjufu. Lakini siwezi tena kuwatwika wafu jambo lililofanywa na sisi tuliokuwa hai.

Karani alikufa maji. Ajenti alipona, akaletewa rejista mpya, na kabla ya mavuno tukahamishiwa barabarani, Koko akiwa wa kwanza kuhesabiwa.